Mtoto wa Nani Huyu?

Siku moja Mtume Muhammad (S.A.W.) aliletewa kesi ya mtoto wa watu.

Kesi kama hiyo huzuka mara kwa mara kwenye fuo za kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay. Asubuhi, wavuvi waliokesha ziwani na taa zao huwa wamelala. Akina mama wametandaza omena juu ya nyavu kuukuu ikauke kabla jua halijageuka. Mara watoto wanapita mbio wakifukuzana, na mmoja anakatiza katikati ya mtandazo. Nyayo zake zinabaki pale, omena imeingia mchanga, na omena yenye mchanga haina bei. Mama anamdaka mkono na kuuliza swali analolijua kila aliyewahi kuwa mtoto: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Wazee husimulia kwamba enzi zao swali hilo halikuhitaji jibu. Mtu mzima yeyote alichapa, na mtoto akifika nyumbani alichapwa tena kwa kumwaibisha mzazi. Siku hizi wengi wanaogopa kuambiwa, "Mwanangu usimguse," basi wanageuza uso na kwenda zao. Muumini afuate njia ipi kati ya hizo mbili?

Arejee kwenye kesi ile aliyoletewa Mtume huko Madina. Rafi' bin Amr al-Ghifari alikuwa kijana mdogo aliyezoea kuirushia mawe mitende ya Answari ili tende zianguke. Wenye mitende wakamkamata, lakini hawakumpiga. Walimpeleka kwa Mtume. Kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume alianza kwa kumuuliza kwa nini anafanya vile. Kijana akajibu kwamba ni njaa. Akakatazwa kurusha mawe, akaruhusiwa kula zilizoanguka zenyewe chini, kisha akaombewa dua ya shibe.

Hukumu ile ina mambo manne: kosa halikufumbiwa macho, sababu iliulizwa, njia ya halali ilionyeshwa, na mtoto aliondoka na dua badala ya alama za fimbo mgongoni. Mali ya watu ililindwa, na mtoto naye akalindwa.

Kwa hiyo kunyamaza si uchaji. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir, Mtume alipiga mfano wa watu waliomo chomboni. Wa chini wanataka kutoboa sehemu yao wapate maji. Wa juu wakiwaacha, wote wanaangamia, na wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Watu wa Mfangano hawahitaji kufafanuliwa mfano huo, kwani kila anayevuka kwenda Mbita anajua tundu moja katika mashua halimchagui mwenye kosa. Na waliookoa chombo kile waliwashika wenzao mikono, hawakuwapiga. Ndivyo anavyotakiwa kufanya anayemwona mtoto wa jirani akichezea injini ya mashua au akijitosa kwenye kina: amvute kwanza, maneno yatafuata.

Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka 7 na kuwaadhibu kwa kuiacha wakifika 10. Lakini hadithi hiyo inawasemesha walezi kuhusu watoto wao, na haimpi jirani fimbo. Hata mwalimu, wanazuoni wa fiqhi walimhesabu kuwa amekasimiwa mamlaka na mlezi. Sheria ya Kenya nayo imeufunga mlango huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kukingwa na ukatili wa kila namna. Anayemwona mtoto akiumizwa anaweza kupiga 116 bila malipo.

Kuna jambo jingine, na hili linauma. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta Homa Bay ina kiwango cha juu zaidi cha virusi vya UKIMWI nchini, asilimia 19.6 ya watu wazima. Ugonjwa huo umeacha bibi wengi wakilea wajukuu. Wapo pia wavuvi wanaohama ufuo kwa ufuo wakifuata samaki. Kwa hiyo "mtoto wa nani?" huenda likaulizwa mtoto asiye na wa kumtaja. Huyo ndiye anayepigwa kirahisi, kwa kuwa hakuna atakayekuja kuuliza. Mwenyezi Mungu, katika Surat Adh-Dhuha, amekataza yatima kuonewa. Mkono unaonyanyuka kwa sababu tu baba hayupo uko ndani ya katazo hilo.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwausia walezi kwamba mtoto akiteleza mara ya kwanza asifedheheshwe, na akirudia akanywe faraghani. Mama mwenye omena anaweza kumketisha mtoto yule waokote pamoja, amwonyeshe mchanga ulivyoshika, kisha jioni apite kwao kuzungumza. Na mzazi mwenzake ampokee kwa shukrani. Akimfokea mleta habari, kesho atanyamaziwa, hata pale mwanawe atakapoonekana akiingia majini peke yake.

Kuna mtoto mwingine, aliyekuwa katika malezi ya Mtume, Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukitembea sinia nzima. Alimfundisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Anayetusimulia habari hiyo ni Umar mwenyewe, na anaongeza kwamba tangu siku ile ndivyo alivyokula. Habari ya mitende nayo imetufikia kupitia kwa Rafi' mwenyewe, aliyekuwa ameshakua mtu mzima, akiwaeleza watu jinsi alivyoulizwa kwa nini anarusha mawe, na dua aliyoombewa.