Faili Linalokataa Kufutika

Katika Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mji uliokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, steshenari ni zaidi ya duka la kalamu na karatasi. Humo huchapwa barua ya mwombaji kazi, hutolewa nakala ya cheti cha kuzaliwa, na huandikwa makubaliano baina ya mwenye duara la dhahabu na mfadhili anayewalisha wachimbaji mpaka mwamba utoe. Mteja hulipa, huchukua karatasi yake na kwenda zake. Maneno yake yamebaki ndani ya kompyuta ya mtu mwingine.

Tuseme mwenye duara arudi siku ya pili, aombe makubaliano yale yafutwe. Mwenye duka anabonyeza, na mashine inamkatalia: faili linatumika katika programu nyingine. Watu huuita huo ukaidi. Wala si ukaidi. Windows hukataa kuliondoa faili ambalo programu nyingine imelifungua na haijaliruhusu liondolewe, isije ikaharibikiwa katikati ya shughuli yake. Linux ina adabu tofauti: hulifuta jina papo hapo, mwombaji akaridhika, ilhali maandishi yenyewe hudumu mpaka aliyelishika wa mwisho aliachilie. Mmoja hukataa waziwazi. Mwingine huitikia naam na kuahirisha. Katika mambo ya wanadamu, yule wa kwanza ndiye wa kuaminiwa.

Na hata likifutika, kilichoondoka kwa kawaida ni jina katika orodha, na nafasi yake ikatangazwa kuwa wazi. Katika diski za zamani zizungukazo, maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Wachimbaji wa ukanda ule hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mchanga uliokwisha kupitishwa katika zebaki hawautupi. Huuita marudio, nao huuzwa kwa wenye matangi ya sayanidi, kwa kuwa zebaki haikamati dhahabu yote. Pwani nako kuna kombe: sahani huandikwa aya kwa zafarani, ikakoshwa kwa maji ya mawaridi. Sahani imekuwa nyeupe, lakini nani atakayesema maandishi yamepotea, na mgonjwa ameyanywa?

Basi swali zito si namna ya kufuta, bali ni nani mwenye haki ya kufuta. Cheti cha kuzaliwa ni cha mwenyewe peke yake. Mwenye duka anayekiacha wazi mbele ya mteja afuataye amekwisha kuvunja amana, hata kama hakuna aliyeiba kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelipa uzito wa kisheria jambo ambalo waungwana walikuwa wakilijua tangu zamani.

Makubaliano ya duara ni habari nyingine. Yameandikwa na wawili. Ikiwa mwamba umetoa, na mwenye duara sasa anaona fungu la mfadhili limekuwa kubwa mno, anaweza kuichana karatasi yake; lile faili si lake pekee. Mashine iliposema limeshikwa na mwingine, ilisema kweli kuliko ilivyojua.

Wala mfadhili naye hana ruhusa ya peke yake. Huenda amelisamehe deni, na kwa wema wa moyo akataka lisibaki hata jina. Lakini aliyesamehewa ana haja ya ushahidi, siku warithi watakapokuja kudai, kwamba deni lilikuwepo na likasamehewa. Ukarimu unaoufuta ushahidi wake humwacha mwenziwe uchi.

Wajibu wa mwenye steshenari hapo ni mwepesi kusemwa na mzito kutendwa: kumwambia mteja, ambaye ni jirani yake na pengine mkwewe, aende akamlete mwenziwe.