Msiba Uliofichwa

Septemba 2022 tulikaa sebuleni kwa shangazi, hapa Raskazone, tukitazama kwenye runinga Malkia Elizabeth akizikwa. Taji juu ya jeneza, watu barabara nzima. Shangazi, Msambaa wa Vuga, akaguna: "Wafalme wetu hawakuzikwa hivi, mwanangu."

Kweli. Msome Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi: Mbegha alipofariki wazee walificha. Wakamzika kwa siri, mwanawe Buge akaitwa kutoka Bumbuli, na watu wa Vuga wakaambiwa msiba wakati mtawala mpya yupo tayari. Kilio kikasubiri siasa.

Waingereza hawakuhitaji kuficha. Sheria yao ilimfanya Charles mfalme papo hapo mama yake alipokata roho. Wazee wa Vuga walichokuwa nacho ni ukimya tu, na kiti kitupu huleta vita. Hapo nawaelewa. Lakini namfikiria mkulima aliyecheka na wenzake shambani siku ile, mfalme wake yuko tayari kaburini. Walimwachia furaha isiyokuwa yake.

Ndiyo furaha niliyokuwa nayo mimi ndani ya basi kutoka Dar, mwaka ule niko chuo. Shangazi alinipigia: "Baba yako anaumwa kidogo, njoo." Nikanunua machungwa ya mgonjwa njiani. Nimefika, turubai limefungwa, viatu vimejaa barazani. Wameshazika.

Siku ya malkia nikamuuliza angefanya tena?

"Ningekwambia vilevile," akasema, akaongeza sauti ya runinga.