Bei ya Mbalamwezi na Bei ya Kufuli

Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze juu ya mawese, haya haya ya mji wetu wa Rumonge, ulio kando ya ziwa, yanayotusomeshea watoto.

Kwanza tutazame ziwani. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi haziwavuti ndagala, mitumbwi hulala ufukweni na bei ya samaki hao hupanda. Hakuna wa kulaumiwa. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie. Alikataa, akawarudisha kwa Allah, mwenye kuibana riziki na kuikunjua, akichelea kukutana na Mola wake huku kuna mtu anayemdai dhuluma. Bei ya mbalamwezi, basi, tuipokee kwa subira.

Lakini ipo bei nyingine. Msimu wa mavuno mawese hufurika, na mkulima mwenye mgonjwa nyumbani huuza bidoni yake ya lita 20 kwa chochote anachopewa. Mnunuzi anazipanga bidoni stoo mpaka karibu na dari, anapiga kufuli, anangoja. Miezi inapita. Vumbi linashika vifuniko, mafuta yanaganda chini, na nje pale pale sokoni mama anapimiwa vijiko viwili katika kichupa cha dawa ya mtoto. Mafuta yapo, hatua chache kutoka aliposimama! Bei hiyo haikuletwa na mwezi wala mvua, imeletwa na kufuli. Hiyo ndiyo ihtikari, kuhodhi ili bei ipande, na Mtume amemhesabu mwenye kuifanya kuwa ni mkosaji.

Najua mtanijibu, maana nimeyasikia barazani: katazo ni la nafaka, mawese si nafaka. Hoja hiyo ni ya zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameijadili katika kitabu chake Ihya. Yeye analielekeza katazo kwenye chakula kinachoshibisha, lakini anawataja wanavyuoni waliolifikisha hadi kwenye samli, asali na mafuta. Tena anatazama wakati: chakula kikiwa tele, kungoja hakumdhuru mtu, kikiwa haba, kunadhuru. Sasa niambieni, nyumba gani ya Rumonge inaunga maharagwe na lengalenga bila mawese?

Ghazali huyo huyo anasimulia habari ya mchamungu mmoja wa Wasit, kule Iraki, aliyepeleka jahazi la ngano Basra na kumwagiza wakala wake aiuze siku ile ile itakapofika. Wakala akakuta bei iko chini. Wafanyabiashara wakamshauri angoje wiki moja. Akangoja, faida ikawa maradufu, akaandika barua kwa furaha. Jibu lililorudi lilimwamuru agawe fedha zote kwa maskini wa Basra, mtaji na faida, na mwenye mali akabaki anatumaini tu kwamba atatoka sawasawa, bila thawabu wala dhambi. Kila ninapoisoma habari hiyo nakumbuka maboti yetu na stoo zetu, na moyo unanienda mbio.

Mwanahistoria Ibn Khaldun naye, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika mwaka 1377, anaeleza kwa nini mali ya kuhodhi haikai. Mtu aliyebanwa na njaa hutoa fedha mkononi, lakini nafsi yake haijaziachia. Nafsi nyingi zikining'inia juu ya mali ya mtu mmoja, faida yake huharibika.

Biashara ni halali, ndugu zangu. Anayebeba mafuta mpaka Bujumbura kwa jasho na hatari za njiani anastahili faida yake, na anayeweka ya kula na wanawe hana lawama. Nasema na mwenye kufuli. Nakusihi kwa jina la Allah, kesho asubuhi ifungue stoo, zitoe bidoni sokoni, uziuze kwa bei ya siku hiyo. Na yule mama akija na kichupa chake, mjazie.