Manowari na Bomba Tatu

Kutambua manowari kwenye picha ya zamani ni kazi ya kuhesabu. Unahesabu mabomba ya moshi, kisha milingoti, kisha mizinga inayoonekana ubavuni, halafu unatazama umbo la omo. Alama moja haitoshi. Oktoba 1914 meli ya Kijerumani Emden, yenye mabomba matatu, ilisimikiwa la nne la bandia, ikaingia bandari ya Penang ikidhaniwa ni ya Waingereza na kuizamisha manowari ya Kirusi Zhemchug. Aliyehesabu manne siku ile alihesabu sawasawa. Meli ndiyo iliyodanganya. Kwa hiyo wataalamu hudai alama mbili au tatu zisizotegemeana, pamoja na michoro ya kiwandani na daftari la safari linaloonyesha meli ilikuwa wapi siku hiyo.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu picha za meli nyingine ya Kijerumani, Königsberg. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Septemba 20 iliivamia Pegasus ya Waingereza pale Unguja na kuizamisha, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji mpaka Julai 11, 1915, ilipoelemewa na mizinga ya Severn na Mersey na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Wenyeji wa pwani walikuwa wameshaipa jina: “Manowari na bomba tatu.” (Mswahili angesema “yenye”, nadhani ni sikio la mgeni aliyeandika ndilo lililoteleza.) Walifanya kilekile ninachofunzwa leo darasani. Walihesabu mabomba.

Meli ilibaki matopeni lakini mizinga yake kumi ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kutumiwa nchi kavu katika vita vya Lettow-Vorbeck. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Kuna picha za mizinga hiyo ikikokotwa kwa kamba, na hapo ndipo kazi yangu inaponitia shaka. Mzinga nautaja kwa milimita zake: 105. Watu walioshika kamba hawana hata jina moja. Hata upande wa Waingereza ilikuwa hivyohivyo: jina la Kiingereza la kikosi chao cha wapagazi limegeuka Kariakoo, tunakwenda kununua nyanya na viatu, na wapagazi wenyewe hatuwajui.

Mwaka jana dada mmoja niliyesoma naye shahada ya kwanza, kwao Utete, aliiona moja ya picha hizi kwenye kompyuta yangu. Alinyamaza, kisha akamwekea kidole mtu wa tatu kutoka kushoto. “Huyu ni baba wa bibi yangu. Angalia masikio.” Kwao ilisimuliwa siku zote kwamba mzee huyo alikokota mizinga ya Wajerumani. Akaniomba niandike jina lake chini ya picha.

Nikitumia kanuni ya meli, mzee yule hatapita kamwe. Kanuni inaonekana ya haki kwa sababu ni ileile kwa wote, lakini meli ilizaliwa na michoro, ikaishi na daftari, ikafa na orodha ya mabaharia. Mpagazi alihesabiwa pamoja na mzigo wake. Kumdai ushahidi ambao hakuna aliyejali kuuweka ni kumdharau mara ya pili, safari hii kwa adabu za kitaaluma.

Hata hivyo sikuandika jina chini ya uso ule. Uso ule ni wa mtu. Kama si wa mzee wa Utete, ni wa mzee wa mwingine, labda wa familia iliyoko Songea ambayo haijawahi kuiona picha hii. Siku itakapoiona itakuta kiti kimekaliwa. Na masikio yanaweza kuwa bomba la nne.

Nilichoandika ni hiki: idadi ya wanaume, wanachofanya, na jina la mzee kama mtu ambaye familia yake inasimulia kwamba alikuwa miongoni mwa waliokokota mizinga hiyo. Rafiki yangu aliona ni kidogo. “Kwa hiyo chuma kinaaminiwa, bibi yangu haaminiwi?” Nilimwambia bibi ninamwamini kuhusu kamba, ila kuhusu sura hata yeye hajasema neno, kwa kuwa picha hajaonyeshwa. Hakuridhika, na sioni kwa nini angeridhika.

Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Bibi, taratibu, huku kuku wakisikika nyuma, anataja wanaume wawili waliochukuliwa siku moja na baba yake. Nimewaongeza. Maelezo ya picha sasa yana majina matatu na nyuso ishirini na moja, na bibi bado anasubiri macho yake yafanyiwe upasuaji ndipo aletewe picha.