Mbegu Isiyorudi

Mtunza stoo mmoja wa kampuni ya ujenzi aliokoka, na mwezi uleule akakataa kusaini kwamba amepokea saruji ambayo haikufika. Akafukuzwa kazi. Jumapili mhubiri akamwambia mkewe mbele ya watu asilie: hiyo ni mbegu, itarudi mara mia. Neno lile limeninyima amani.

Gharama ni kile unachotoa kikaondoka. Maana hiyo yatosha. Wapo wasemao kwamba bwana yule alichagua mwenyewe, na ni kweli. Wengine husema uaminifu ni wajibu hata kwa asiye na dini. Nakubali. Hili la mbegu ndilo nisilolivumilia. Likiwa kweli, basi hakutoa kitu. Ameweka akiba tu, na Mungu ni mdeni wake. Tena ikipita miaka asirudishiwe, watampekua imani waone ina kasoro gani. Wahubiri wa mbegu hupenda kumtaja Ayubu. Haya, tumsome hadi mwisho. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto kumi walikufa, wakazaliwa kumi wengine. Wale wa kwanza hawakutoka kaburini. Mzazi gani aliyezika atasema hesabu imelingana?

Nawawaza sana ndugu wa uamsho wa Kenya ya kati miaka ya 1950. Uamsho wao ulikuwa na chimbuko Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Walioguswa walitubu hadharani, wakarudisha hata walivyoiba. Vita vya Mau Mau vilipowaka, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wakakataa na bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikigombewa, na aliyekaa kando alihesabiwa ameusaliti ukoo. Wale hawakufanya biashara na Mungu.

Lakini walikuwa na wake na watoto. Hata Petro, aliyesema wameacha vyote, alikuwa na mama mkwe, nani alimlisha? Anayetii ni baba, anayekosa karo ni binti. Je, mtu ana haki ya kumtii Mungu kwa fungu la mwanawe? Nikisema hapana, nimemwambia yule mtunza stoo asaini uongo. Nikisema ndiyo, sithubutu kumtazama binti usoni. Hapo sijapata pa kutokea. Ila kanisa linalomsifu baba na lilipe karo ya binti, muhula huu, kabla hajarudishwa nyumbani.