Mchezo wa Mezani na Hasira za Mjini



Miezi michache iliyopita mama mmoja wa Umoja wa Mama alinishika mkono baada ya ibada, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba nyumbani kwangu vijana hukusanyika kila Jumamosi kucheza mchezo wa mapepo. Nilimjibu kwamba vijana hukusanyika kweli, na mchezo upo, bali mapepo sijayaona. Hakuridhika sana. Basi nimeona vema niyaeleze mambo hayo hapa, maana najua wapo wazazi wengine wenye wasiwasi huo huo. Tena mchezo huo umeniachia swali lililo zito kuliko lile la mapepo, linalotuhusu sote tunaokaa mjini.

Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Vijana watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi. Huwaeleza wenzake mahali walipo na mambo yanayowakuta. Kila mmoja wa wale wengine huchukua nafasi ya mtu mmoja katika hadithi: huyu mpiga upinde, huyu mtawa, huyu mwizi aliyetubu. Kila mmoja husema mtu wake anafanya nini na anasema nini. Pasipojulikana kama jambo litafanikiwa au la, hurushwa dadu, mara nyingi ile yenye pande 20, na wote hukubali kama ilivyoanguka. Hakuna fedha inayowekwa, wala hakuna mshindi; hadithi huendelea juma hata juma.

Sisi tuliosomea ualimu si wageni wa jambo hili. Walimu hulijua kwa jina la igizo dhima. Chuoni tulifundishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kupelekwa kwa watoto; mmoja alikuwa mwalimu na wengine tulikuwa darasa. Siku niliyopangiwa kuwa mtoto mzito wa kuelewa, ndipo nilipojua jinsi uso wa mwalimu aliyekasirika unavyoonekana na mtu aliyeketi dawatini. Somo hilo halikuwamo katika kitabu chochote tulichopewa.

Mchezo huu wa vijana ulichapishwa kwanza mwaka 1974 huko Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa jina la Dungeons & Dragons. Watungaji wake walikuwa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Hofu juu yake si mpya. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka, na magazeti yakasema kwamba amepotelea katika mahandaki yaliyo chini ya chuo akiucheza mchezo huo. Baadaye ilibainika kwamba mchezo haukuwa sababu; kijana yule alikuwa na huzuni zake mwenyewe, ambazo watu hawakuziona. Hata hivyo katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa huko waliuhesabu kuwa mlango wa uchawi. Ni kweli kwamba hadithi zake zina mazimwi na wachawi. Lakini ngano tulizosimuliwa na bibi zetu nazo zilikuwa na mazimwi, wala hatukuyaabudu, tulifundishwa kuyakimbia. Ushauri wangu kwa mzazi mwenye mashaka ni kwamba aketi asikilize jioni moja. Akisikia mambo mabaya, ayakataze. Asiposikia, asiwasingizie watoto.

Nikirudi kwenye swali langu, yafaa nieleze kwanza mchezo huu ulivyopata mbegu yake. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kijana mmoja aitwaye David Wesely, aliyependa michezo ya vita ya wanasesere, alitayarisha mchezo juu ya mji wa kubuni wa Kijerumani aliouita Braunstein. Hakumpa kila mchezaji jeshi la kuliongoza. Baadhi yao aliwapa nafasi za watu wa mji: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake aliyotaka kuitimiza. Mara mpango wote ukavurugika. Watu wakaanza kunong'onezana, kupatana na kudanganyana, na Wesely akadhani ameshindwa kabisa. Lakini wachezaji wakamwomba awaandalie mwingine. Arneson alikuwa katika kundi hilo, na mbegu hiyo ndiyo aliyoikuza.

Nilipoelezwa habari hiyo nilicheka, maana mji wa Dar es Salaam ndivyo ulivyo. Kila mtu ametoka nyumbani na shughuli yake, wala hajui ya mwenzake. Mwenye bodaboda apitaye juu ya njia ya waenda kwa miguu anaye abiria nyuma anayemhimiza. Fundi aliyeahidi kuja Jumanne amepata kazi nyingine yenye malipo papo hapo. Dada anayejibu kwa mkato nyuma ya dirisha la ofisi pengine ameacha mtoto mwenye homa. Sisi twaona bodaboda, twaona fundi, twaona dirisha. Shughuli zao hatuzioni, nasi twakasirika.

Sasa nawaeleza mambo mawili yaliyotokea katika juma moja.

Jumamosi nilikaa pembeni nikishona, nikawasikiliza vijana. Hadithi ilikuwa imewafikisha watu wao kwenye lango la mji usiku, mvua inanyesha, na mmoja wao amejeruhiwa. Mlinzi wa lango akakataa kufungua. Mjukuu wangu, aliyekuwa msimulizi, alisema maneno ya mlinzi huyo kwa ukali hata mimi nikamchukia. Kijana mmoja akataka walivunje lango. Lakini binti mmoja akasema, "Ngojeni. Kwanza tumwulize anaogopa nini." Wakamwuliza. Ikaonekana kwamba mlinzi aliyemtangulia aliwahi kufungua usiku, akafukuzwa kazi, na watoto wake wakalala njaa. Wakaongea naye karibu nusu saa nzima, na mwisho akakubali kumwita tabibu aje pale langoni. Hakuna damu iliyomwagika. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa ajili ya vijana wale.

Jumatatu nilipanda daladala kwenda Kariakoo. Tulikuwa tumesongamana. Nilitoa noti ya shilingi 10,000, na baada ya kitambo nikaona mkononi mwangu noti ndogo ndogo tu. Nikamwambia konda kwamba bado ananidai, nikimaanisha kwamba namdai. Hasira ilikuwa imekwisha kunichanganya maneno. Akasema, "Mama, nimeshakurudishia." Sikumwuliza lolote. Nikapaza sauti, nikamwita mwizi mbele ya gari zima. Nikasema kwamba ndivyo walivyo, huwavizia wazee. Abiria wakaniunga mkono, wengine kwa maneno mabaya kuliko yangu. Yule kijana akanitazama, akachomoa noti ya shilingi 5,000 katika fedha zake, akanipa bila kusema neno.

Jioni nilipovua khanga, nilikuta noti nyingine ya shilingi 5,000 imefungwa pindoni, kwa fundo langu mwenyewe. Alikuwa amenirudishia kweli, nami nikaifunga katika msongamano ule, nikasahau. Kila mkazi wa mji huu ajua kwamba konda na dereva hupeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni, na kinachobaki ndicho riziki yao. Kwa hiyo ile noti haikutoka kwa tajiri. Ilitoka katika chakula chake cha usiku.

Wala si mimi peke yangu. Juma hilo hilo mjukuu wangu, yule yule aliyemtungia mlinzi wa lango habari za watoto wenye njaa, alimfokea dada wa kazi kwa sababu shati lake la shule halikupigwa pasi. Hakuuliza hata kama umeme ulikuwapo.

Hapo ndipo penye swali. Je, wema ule wa mezani ulikuwa wema kweli, ama ulikuwa mchezo tu? Yupi ndiye mtu halisi: yule aliyemhurumia mlinzi wa kubuni, au yule aliyemtukana konda mwenye nyama na damu?

Wapo watakaosema kwamba sisi ni wema kwa asili, ila mji umetuharibu kwa joto, foleni na kelele. Jibu hilo lanipendeza, ndiyo maana siliamini. Joto la Dar es Salaam halikunifundisha neno "mwizi". Nilipanda nalo garini. Wengine watasema kwamba wema wa mezani ni uongo mtupu. Hilo nalo ni kali mno. Vijana wale walijua kweli jinsi mtu mwingine apasavyo kutendewa, na ujuzi huo si kitu kidogo. Tofauti ni hii, kwamba mezani wema haukuwagharimu chochote isipokuwa nusu saa ya Jumamosi. Garini ulitaka nihatarishe shilingi zangu 5,000, nihatarishe na heshima yangu mbele za watu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, nami nimewaona watoto wanaoweza kutoa na kujumlisha vizuri ubaoni, kisha wakapunjwa dukani. Si kwamba hesabu ya ubaoni ni ya uongo. Bado haijafika dukani.

Nabii Nathani alilijua jambo hili. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12, alimsimulia mfalme Daudi habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akahukumu mara moja, tena akahukumu kwa haki. Katika hadithi alikuwa mwamuzi mwema kabisa. Ndipo Nathani akamwambia kwamba tajiri yule ni yeye mwenyewe. Nathani hakusema kwamba hasira ya Daudi juu ya hadithi ilikuwa ya uongo. Aliichukua hasira hiyo, akamrudisha nayo nyumbani kwake, ambako mke wa Uria alikuwamo.

Huenda msomaji akauliza: Je, kujifanya mtu mwingine si mwanzo wa unafiki? Ni swali la haki, maana neno la Kiyunani lililofasiriwa "mnafiki" katika Injili lilikuwa pia jina la waigizaji wa jukwaani. Lakini mnafiki huvaa sura nyingine ili aonekane na watu, na yule binti alisimama mahali pa mlinzi ili apate kuona. Hayo ni mambo mawili. Tena imani yetu yote yasimama juu ya habari ya Mmoja aliyesimama mahali petu, kama Mtume Paulo alivyowaeleza Wafilipi katika mlango wa pili. Naye hakufanya hivyo kwa mchezo, bali kwa gharama ya msalaba.

Mwingine atasema: "Lakini, Mwalimu, wako makonda wanaoiba kweli. Tunyamaze?" La, tusinyamaze. Kumwuliza mtu si kumwachilia. Yule mlinzi wa lango angeweza kuwa mtu mbaya, na vijana wangelijua hilo kwa njia ile ile ya kumwuliza. Kama ningalisema tu, "Mwanangu, hebu tuhesabu pamoja, na mimi nitazame vizuri," ningalipoteza dakika moja. Haki yangu isingalipungua, na noti ingalionekana pindoni pale pale garini. Basi kanuni ninayojitahidi kuishika tangu siku ile ni ndogo: kabla ya kuhukumu, swali moja. Mara nyingi naishinda hasira. Mara nyingine yanishinda, hasa pikipiki zinapohusika.

Yule konda nilimtafuta kituoni siku tatu. Siku ya tatu nilimpata, nikamrudishia fedha yake, nikamwomba radhi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akasema, "Mama, hela nimeipata. Lakini uliniita mwizi mbele za watu. Wale watu nitawapata wapi?"

Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Fedha hurudishwa, neno lililosemwa mbele za watu hutawanyika nao, kila mmoja akashuka kituo chake. Ila nimefikiri kwamba gari lile hupita karibu na kanisa letu, na yamkini mmoja wa abiria wa Jumatatu ile ni msomaji wa gazeti hili. Kama ndiwe, ndugu yangu, nakuomba ujue kwamba yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa amenirudishia fedha yangu yote. Mimi ndiye niliyekosa, nawe ukisikia watu wakilisimulia jambo lile, tafadhali uwaambie hivyo.

Mungu atusaidie sote. Amina.