Usiwe Mlezi wa Vijana Wote Ila Watoto Wako



Tumezoea kuzungumza juu ya maovu yanayobomoa nyumba: ulevi, uzinzi, ugomvi wa pesa. Leo nataka tuzungumze juu ya mambo mema yanayobomoa nyumba. Mlevi anajua moyoni kwamba anakosea, hata kama hakubali. Lakini mtu anayetoka nyumbani kwenda kuwalea vijana wa parokia, au kwenda kusomea uongozi kwa kuteuliwa na serikali, atajuaje kama anakosea? Kila anayekutana naye njiani anampongeza.

Chukua mfano wa nyumba moja, na ziko nyingi kama hiyo katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Mume ni afisa wa serikali. Parokiani yeye ndiye mlezi wa vijana. Jumamosi yuko nao uwanjani, Jumapili baada ya Misa yuko nao mkutanoni, na likizo ya Agosti anawapeleka semina ya dayosisi. Mke anauza nguo sokoni, na Mungu amewajalia watoto watatu. Sasa barua imekuja. Mume ameteuliwa kwenda kozi ya uongozi katika Chuo cha Mafunzo ya Serikali, kile ambacho wengi wanakijua kwa herufi KSG. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na matawi yake yako Kabete, Mombasa, Matuga, Embu na Baringo. Kozi ya mameneja wakuu huchukua wiki nne, na ile ya uongozi wa kimkakati wiki sita. Mtumishi wa umma anayetaka kupanda cheo anajua cheti hicho kina uzito gani.

Mke akauliza swali moja tu: "Serikali inakupata Jumatatu hadi Ijumaa, vijana wanakupata Jumamosi na Jumapili. Mimi na watoto tumepewa siku gani?" Mume akajibu kwa uchungu: "Haya yote si kwa ajili yenu? Karo inatoka wapi?" Ndugu zangu, wote wawili walisema kweli. Lakini kifungua mimba wao, kijana wa kidato cha pili, alikuwa ameacha kwenda kwenye mikutano ya vijana. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kule baba yake ni wa watu wengine. Hapo ndipo penye hatari. Baba anawakusanya vijana wa parokia nzima, na yule anayelala chumba cha pili anamponyoka.

Tuanze na jambo la msingi. Kazi hizi tatu ni njema, lakini hazilingani. Ualezi wa vijana ulipewa na Baba Paroko, na kesho anaweza kumpa mwingine. Cheo ulipewa na serikali, na siku ya kustaafu utakirudisha. Lakini mbele ya altare uliahidi maisha yako yote kwa mtu mmoja, katika afya na katika ugonjwa. Vijana watapata mlezi mwingine na ofisi itapata afisa mwingine. Mke wako hana mume mwingine, wala watoto wako hawana baba mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inaitambua familia kuwa msingi wa jamii. Kwa hiyo anayejenga nyumba yake analijenga Kanisa na taifa. Haibi muda wa Mungu wala wa serikali.

Sasa fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Wengi tunakumbuka kwamba Yethro alimshauri mkwewe Musa achague wasaidizi. Lakini tunaruka mwanzo wa sura. Yethro hakuja mikono mitupu. Alimletea Musa mke wake Sipora, ambaye alikuwa amerudishwa kwa baba yake, pamoja na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa kiongozi mkubwa aliyeitwa na Mungu mwenyewe, na mkewe na watoto walikuwa kwa mkwe! Yethro kwanza akairudisha familia, ndipo kesho yake akamwona Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba hilo si jema, kwamba atajichosha yeye na watu pia. Akamwambia achague watu wanaomcha Mungu, wakweli, wasiopenda rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Na Musa alisikia. Hakusema, "Wewe mzee hujui kazi ya Mungu ilivyo."

Tofauti na huyo ni Eli, kuhani wa Shilo. Alimlea vizuri Samweli, mtoto wa watu, hata akawa nabii mkuu. Lakini wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, waliidharau sadaka ya Bwana, na Eli hakuwazuia. Mzee huyo aliwaamua Waisraeli miaka arobaini, na mwisho wa nyumba yake ulikuwa kilio. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyejua kuitunza nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa la Mungu.

Je, inawezekana kuyashika yote matatu bila moja kuponyoka? Inawezekana. Tarehe 21 Oktoba 2001, Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa wenye heri mume na mke pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake. Ni Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Italia. Luigi alikuwa wakili wa serikali na alipanda hadi ngazi za juu. Yeye na mkewe walishughulika pia na vijana maskini wa Roma kwa njia ya skauti. Walikuwa na watoto wanne. Siri yao ilikuwa nini? Walikwenda Misa pamoja, na jioni nyumba nzima ilisali Rozari. Kazi ya serikali haikuwatenga, na utume waliufanya wakiwa wawili. Kanisa huwakumbuka tarehe 25 Novemba, na hiyo ndiyo tarehe waliyofunga ndoa mwaka 1905. Siku ya arusi yao ndiyo imekuwa sikukuu yao!

Basi barua ya kozi ikifika nyumbani kwenu, nawashauri mfanye hivi.

Kwanza, asiyeitwa asikie habari kabla ya watu wa nje. Ni aibu mke kupongezwa sokoni kwa jambo ambalo hajaambiwa. Ketini wawili, mwombe Roho Mtakatifu, kisha mhesabu: wiki ngapi, pesa ngapi zitabaki nyumbani, karo inalipwa lini, nani atampeleka mtoto kliniki. Msikubali kwanza halafu mkahesabu baadaye.

Pili, punguza mzigo mmoja kabla ya kubeba mwingine. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe unashika tatu. Nenda kwa Baba Paroko mapema, umwambie wazi kwamba kwa muda huo mlezi msaidizi ashike kazi. Kama huna msaidizi, hiyo ni alama kwamba umeifanya kazi kama Musa kabla ya Yethro. Na vijana wanaoshindwa kukutana kwa wiki sita bila wewe bado hawajalelewa.

Tatu, umbali usiwe wa moyo. Kama kozi ni ya kulala huko, wekeni saa ya simu kila jioni, na mzungumze na watoto pia, mmoja mmoja. Salini hata kumi moja la Rozari kwa simu. Mwisho wa wiki ukiwa huru, panda gari uje nyumbani, usikubali kila mwaliko wa wenzako. Nasema wazi kwa sababu sisi ni watu wazima: mbali na nyumbani kuna majaribu, na pete yako usiiache kabatini. Kama kozi inafanyika kwa mtandao, usidhani umepona. Mtu anaweza kuwa sebuleni na asiwepo.

Nne, ukirudi, usije na ofisi nyumbani. Mke wako hakuwa kwenye likizo. Ndiye aliyekuwa meneja, mweka hazina na askari wa usiku. Muulize kwanza yeye, ndipo usimulie yako. Hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alizikumbusha nyumba zetu maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Kiongozi asiyeyajua hayo hajafuzu, hata akiwa na cheti.

Neno kwa anayebaki nyumbani. Usimgeuze Mungu kuwa fimbo ya kumchapia mwenzako. Usiwaambie watoto, "Baba yenu hatujali." Sema shida yako mapema na kwa upole, kama yule mke alivyouliza siku zake. Na usikatae kozi kwa woga tu, maana cheo kikipatikana ni baraka ya nyumba yote.

Na leo mara nyingi anayeteuliwa ni mke. Hapo wanaume wengi tunajikwaa. Tunauliza watu watasemaje, nani atapika, atarudi na kiburi gani. Mume Mkristo asimame kama Mtakatifu Yosefu, ambaye hakuona haya kumlinda Maria na kumtunza Mtoto. Ukiosha vyombo wiki sita, hakuna kidole kitakachokatika, na binti yako atajifunza aina ya mume wa kumtafuta.

Kwa yule kijana wa kidato cha pili, dawa ni moja. Baba ampe Jumamosi moja peke yake, bila simu, bila vijana wengine. Amsikilize bila kumhubiria. Kisha amwombe, asimwamuru, waende pamoja kwenye mkutano.

Jioni hii, watoto wakishalala, zimeni televisheni muulizane: Wiki iliyopita nilikupa saa ngapi? Nipunguze nini? Nani awe Yethro wetu, wa kutuambia ukweli? Sikilizaneni bila kukatizana, kisha msali Baba Yetu mkishikana mikono.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.